Marzouq bin Musallam, Aliyewarudisha Samaki wa Wadi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na ndugu zetu wanaume mnaosikiliza kwa kipaza sauti kule sabla, barazani kwenu, kabla sijaanza kusoma ninawaomba mfumbe macho kidogo, kama nilivyozoea kuwaomba watoto wa darasa la kwanza, na kila mmoja ajione amekaa ukingoni mwa falaj yetu, mfereji wa kunyweshea mashamba, hapa Samad Ash Shan, kandambili zake ameziweka pembeni, miguu ameitia majini mpaka kwenye vifundo, maji yanapita bila haraka kwenda kwenye mitende, naye ametulia, hatikisiki, na baada ya kitambo wanakuja samaki wadogo, wembamba kama kidole cha mtoto, wenye rangi ya mchanga, wanamdonoa nyayoni na baina ya vidole, mpaka anacheka bila ya kutaka.

Sasa fumbueni macho. Kulikuwa na miaka ambapo mtu aliweza kukaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri na asimwone samaki yule hata mmoja, na historia ninayowasomea leo, siku ya tatu ya azaa, matanga yetu, ni ya mtu aliyesababisha wakapotea, na ndiye huyo huyo aliyewarudisha. Aliniusia mwenyewe niyaseme yote mawili. Najua kwamba kusoma historia ya marehemu si desturi ya hapa, ni desturi tuliyoichukua kwa majirani zetu kule bara, lakini mama yetu ameiomba, na wazee wa sabla wameridhia, Mungu awalipe kheri.

Marehemu Marzouq bin Musallam alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, Musallam, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na mama yetu, Bi Ghalia, ambaye Mungu amemjaalia umri na amekaa hapa mbele yetu, na baada yake nilizaliwa mimi, Fawziya, tukawa wawili tu.

Alisoma Kurani chuoni, akaanza shule ya msingi pale pale Ujiji mwaka 1965, akamaliza mwaka 1971, kisha akapelekwa sekondari Tabora, ambako alisoma mpaka Novemba 1975. Katika siku zake za utoto alipenda kumfuata mama mwaloni asubuhi, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, na alisimulia mpaka uzeeni jinsi mama alivyomwinua samaki, akamfunua shavu, akamrudisha, akamwinua mwingine, na wavuvi wakimtania kwamba anachagua posa ya binti yake, si kitoweo. Samaki aliyemtafuta ni ngege, ambaye watu wa kwingine wanamwita perege, na jina hilo naomba mliweke akilini, kwa sababu tutalirudia.

Tarehe 9 Disemba 1976 familia yetu ilihamia Oman, nchi ya babu zetu, ambayo baba alikuwa ameisikia kwa masimulizi tu, na sisi tulikuwa hatujui hata harufu yake, tukafikia hapa Samad, katika nyumba ya udongo iliyoanguka upande mmoja, yenye mitende michache na haki yake ya maji. Jamaa walitupokea kwa tende na kahawa, hilo lisemwe, ingawa watoto walikicheka Kiarabu chetu na kutuita watu wa Sawahil, sisi ambao kule Ujiji tulikuwa tukiitwa Waarabu. Baba na kaka walizoea upesi. Mama hakuzoea, na jambo lililomshinda zaidi lilikuwa dogo mno hata akaona aibu kulitaja, kwamba samaki wa bahari waliotoka Sur ndani ya barafu walikuwa na harufu ya safari, na mchuzi wao haukuwa ule wake, na kila Ijumaa alipika, akaonja, akafunika chungu.

Mwezi wa Mei 1978 marehemu aliajiriwa na serikali katika kazi za uvuvi mjini Sur, kwa sababu alijua Kiingereza, akawa anarudi Samad kila mwisho wa wiki, na mwezi wa Septemba 1983 akapelekwa masomoni Uskochi, katika kituo cha kuzalisha samaki wa mtoni waitwao samoni. Wengi wenu mlimsikia akieleza habari za samaki hawa, lakini nitazirudia kwa ajili ya watoto. Samoni huzaliwa mtoni, katika maji baridi yenye changarawe, akikua kidogo huteremka mpaka baharini, akaishi huko miaka kadhaa, na unapofika wakati wake wa kutaga huyaacha maisha ya baharini yote, akarudi mto ule ule, akipanda maporomoko kwa kuruka, huku hali kitu, mpaka afike. Watu waliziba mito kwa mabwawa na kuichafua, samaki wakapungua, ndipo vikajengwa vituo vya kukamua mayai, kuyaangua na kulea vifaranga mpaka wafae kurudishwa mtoni. Mzee mmoja wa kituo kile alimfundisha jambo ambalo marehemu hakulisahau, kwamba samoni harudi mto wa wazazi wake, anarudi kwenye maji aliyolelewa utotoni, ukichukua mayai ya mto huu ukawalea vifaranga katika maji ya mto ule, watarudi mto ule. Marehemu alisema kwamba siku aliposikia hivyo alikwenda kukaa peke yake, kwa sababu alimfikiria mama.

Alirudi Julai 1986 na shahada yake, akaendelea na kazi Sur, na tarehe 5 Novemba 1987 alifunga ndoa na Bi Alyaa bint Yaqoob, wa Jalan Bani Bu Hassan, ambaye wazee wake walitoka Unguja, na siku ya harusi shangazi zake bibi harusi walisema mbele yetu kwamba bwana harusi ni mzuri, ila Kiswahili chake kimekuja kwa treni ya Kigoma, naye akawajibu kwa upole kwamba treni huchelewa lakini hufika na mizigo yake yote. Mungu aliwajaalia watoto watatu, Bassam, aliyezaliwa 1989, Rumaitha, 1992, na Aflah, 1996.

Sasa nafika mahali aliponiusia nisiparuke. Mwezi wa Aprili 1991, alipokwenda kwa kazi katika shamba moja la kufugia samaki upande wa Batina, aliwaona ngege hai, wakubwa na wadogo, akawaomba wachache, akawatia ndani ya ndoo mbili nyuma ya pikapu, akazifunika kwa magunia yaliyolowa, akaendesha mpaka hapa na kuwamimina katika birika la falaj, pale maji yanapokusanyika kabla ya kugawiwa mashambani. Hakumwambia mtu. Ngege walizaana, na baada ya miezi michache alimpelekea mama samaki wawili, akampa mkononi, mama akamfunua mmoja shavu, akamtazama mwanawe, akaingia jikoni, na mchuzi ule tuliula watu wote wa nyumba, mama akilia na kututaka tule.

Mwaka 1997, mwezi wa Machi, wadi, lile bonde la mto wa msimu linalopita kando yetu, ilishuka kwa nguvu, ikabomoa ukuta wa birika, ikawachukua ngege ikawasambaza katika madimbwi yote ya chini. Ngege si samaki mbaya, Mungu amemuumba kama alivyomuumba, lakini pale hapakuwa pake, ana mdomo mpana na uzazi mwingi, na samaki wa wadi, yule wa kutudonoa miguu, ni mdogo, mayai yake yako wazi juu ya mawe. Marehemu aliyajua haya, aliyasomea miaka mitatu katika nchi ya baridi, na akayasahau kwa sababu ya sahani moja ya mama yake.

Aliyemzindua ni Rumaitha, wakati wa likizo ya mwaka 2004, aliporudi kutoka falaj na miguu yake mibichi akamlalamikia baba yake kwamba samaki wamekuwa wakubwa na wana kiburi, hawaji tena miguuni. Marehemu alikwenda kutazama, akapanda wadi dimbwi kwa dimbwi, mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki, na kila dimbwi aliwakuta ngege, na samaki wa wadi hakumkuta, na katika maji yaliyosimama viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimejaa, kwa sababu waliokuwa wakivila hawapo. Mjini watu walikwisha kuamua kwamba ni wafanyakazi wa mashamba, watu wageni, ndio waliotia samaki wale, na mmoja wao alikwisha kukaripiwa na kutishiwa kuachishwa kazi. Kaka yangu aliposikia hivyo hakungoja, na siku ya Ijumaa iliyofuata, mwezi wa Januari 2005, baada ya sala, alisimama kule sabla, mbele ya wakili wa falaj, yaani msimamizi wa mgao wa maji, marehemu Mzee Sinan, na wenye haki za maji wote, akasema kwamba ni yeye.

Walioshuhudia wanasema kwamba wapo waliotaka kusema maneno juu ya watu wa Sawahil, na Mzee Sinan akawatangulia, akasema kwa Kiarabu, bila ya kupandisha sauti: "Mgeni tunampokea, Marzouq, wewe unajua. Lakini mgeni hupita mlangoni." Kisha akampa jukumu la kuwatoa ngege wote na kuwarudisha samaki wa wadi, na hakumwekea muda.

Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi kwa lile la sabla, na mzito kwa lile lililobaki, kwa sababu kuwatoa ngege ilikuwa ni kumtoa mama katika kitu pekee cha kwao alichokipata tangu ndege ilipotua. Alizunguka hoshi, ua wa nyumba, akaingia, akatoka, mpaka mama akamwita, akamwambia keshasikia, maana habari za sabla hufika jikoni kabla ya wanaume kuvaa viatu, na alimwambia hivi: "Miaka yote hii nimekula samaki wa kwetu katika nchi ya wenzangu, yatosha. Watoe, mwanangu. Ila mniachie niwapike mimi." Marehemu alimbusu mkono, akatoka nje, akakaa kwenye gari bila ya kuiwasha.

Mwezi wa Julai mwaka ule, falaj ilipofungwa ili isafishwe, birika likakaushwa, na madimbwi ya wadi yamepungua kwa joto la kiangazi, vijana wa Samad waliingia na nyavu chini ya uongozi wake, na mama akasimamia masufuria katika hoshi yetu, ngege wa nazi na wali, mtaa mzima ukala. Mzee Sinan alikula, akaomba tena, akasema kwamba sasa ameelewa kosa lilitoka wapi. Hawakwisha siku ile, iliwachukua viangazi vitatu kuwamaliza, na kila kiangazi mama alipika, na mara ya mwisho palikuwa na samaki mmoja tu, naye akamgawa vipande kwa watoto, yeye mwenyewe hakuonja.

Kuwatoa kulikuwa rahisi kuliko kuwarudisha. Rafiki yake wa kazini Sur, Bwana Nizar, ambaye yuko pamoja nasi kule sabla, alimshauri waende wadi nyingine, ambako samaki kama wale wamejaa, wajaze tangi moja la maji, wawamimine hapa, kazi ya siku moja na watu wafurahi. Marehemu alikataa. Wote wanafanana kwa sura, alimweleza, lakini kila wadi ina watu wake, wamezoea chumvi ya maji yake na ukame wake, na hakuna anayejua ni maradhi gani utayachota pamoja nao, naye keshamimina ndoo moja bila ya kujua, hatamimina ya pili. Bwana Nizar alimwambia kwamba basi atangojea mpaka mawe yatage, na wakaondoka pamoja kwenda kutafuta waliobaki katika wadi yetu wenyewe.

Samaki huyu mdogo wa wadi, watoto wangu, ana jambo moja la kumshinda samoni, kwani haruki, ila ana mdomo wa chini unaonata, na wadi inaposhuka hupanda jabali lililolowa kwa mdomo wake, kidogo kidogo, akipumzika na kuanza tena, mpaka juu ambako samaki wa tumbo kubwa kama ngege hawezi kufika. Kwa hiyo marehemu aliwatafuta juu, si chini, na mwezi wa Machi 2006, nyuma ya ukuta wa jabali, katika dimbwi lililofichwa na kivuli, dogo kuliko zulia hili, yeye na Bwana Nizar waliwakuta, wachache, hai. Hakuwachukua wote. Aliwaacha nusu, akasema kwamba asiwafanye waliookoka wote wategemee ufundi wake.

Aliwajengea birika la saruji nyuma ya nyumba, wakataga, vifaranga wakaanguliwa, na katika wiki moja walikufa wote, kwa sababu saruji ilikuwa mpya na chokaa ilikuwa inatoka katika kuta. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, bwana mwenye shahada ya samaki, na mama amekaa kando yake, akimwambia kwamba hata sisi, ule mwaka wa kwanza, yeye alidhani hapana atakayepona. Basi akaliosha birika na kuliacha lijae maji ya falaj, akiyabadilisha, mpaka kuta zikaota ukijani wa mwani, na mwaka uliofuata vifaranga wakaishi. Chakula chao cha kwanza ni kiini cha yai la kuku lililochemshwa, na mama ndiye aliyekuwa akikipekecha na kukichuja kwa kitambaa cha ushungi wake, asubuhi na jioni, mpaka wifi yangu Alyaa akasema kuku wa nyumba hii wamekuwa waajiriwa wa wizara na sisi tutakula mkate mtupu.

Tarehe 2 Novemba 2007, siku ya Ijumaa, kundi la kwanza lilirudishwa katika falaj na madimbwi ya wadi, mbele ya Mzee Sinan na wenye haki za maji, na kila mwaka likafuata kundi jingine, wengine wakafa, wengine wakachukuliwa na wadi, mpaka mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu, mvua iliponyesha, akamchukua Mzee Sinan kwa mkono mpaka kwenye lile jabali, wakawaona wanapanda wenyewe. Jioni ile alifungua maji ya birika la nyuma ya nyumba yakamiminika mashambani, na hakulijaza tena. Mama alipanda humo kotimiri.

Marehemu alipatwa na maradhi ya sukari mwaka 2009, akayavumilia kwa miaka mingi, yakamwondolea hisia za miguu mwaka 2019, na mwaka 2022 figo zikashindwa, akawa anapelekwa Ibra kusafishwa damu. Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Januari mwaka huu wa 2024, aliomba apelekwe falaj, Bassam na Aflah wakambeba, tukamkalisha ukingoni, tukamtia miguu majini, na mjukuu wake Dalal kando yake, na mama upande wa pili. Alikaa sana. Macho nayo yalikuwa yamekwisha kufifia, na miguu ile haikuwa na habari ya baridi wala moto, tukamwona anainamisha kichwa, akisubiri kitu ambacho mwili wake haukuweza tena kumletea. Ndipo mama yetu, katika umri wake wa miaka themanini na saba, akavua kandambili, akapandisha nguo, akaitia miguu yake majini sambamba na ya mwanawe, akangoja, kisha akamwambia:

"Wamekuja, Marzouq. Wako kwangu, na wako kwako."

Akacheka, kaka yangu, kama mtu anayetekenywa.

Alifariki hospitalini Ibra siku ya Jumatatu, tarehe 5 Februari 2024, saa tatu asubuhi, na kuzikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri katika makaburi ya hapa Samad, akiwa ameacha mama, mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na mimi dada yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Ibra, ambao walimwita baba na kumsikiliza habari za samoni mpaka wakazijua kwa moyo, nawashukuru majirani waliotuletea chakula tangu Jumatatu hata jiko letu halijawashwa, nawashukuru wenzake wa Sur, na Bwana Nizar aliyekuja kumwona kila Alhamisi, na wafanyakazi wa mashamba waliobeba jeneza pamoja na watoto wake, na mmoja wao akiwa yule aliyekaripiwa kwa kosa lisilo lake, ambaye marehemu alimwomba radhi mlangoni kwake, na tangu siku ile walikula iftari pamoja kila Ramadhani. Anayemdai chochote na aje kwa Bassam, na aliyeudhiwa naye tunamwomba amsamehe.

Kaka yangu Marzouq, lala kwa utulivu katika rehema za Mola wako, kazi uliyopewa sabla umeimaliza.

Na nyinyi mlionisikiliza kwa subira, wakubwa na watoto, nawaomba mkumbuke jambo moja tu, kwamba maji mliyochota katika falaj hii msiyamimine kwenye maji ya kwingine, na ya kwingine msiyamimine humu, hata kama mna mapenzi makubwa kwa mtu anayeyangojea nyumbani.